Barua aliandika Yezebeli; kwa nini Eliya alitumwa kwa Ahabu?

#1 Mdau wa Kwaya

Wakuu, salaam.

Kanisani kwetu tumesomewa 1 Wafalme sura ya 21, habari ya shamba la mizabibu la Nabothi, na sijaridhika na mahubiri yaliyofuata. Ahabu alilitaka shamba lililopakana na jumba lake huko Yezreeli ili alifanye bustani ya mboga, akaahidi kutoa shamba lililo bora zaidi au kulipa fedha. Nabothi alikataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Mfalme alirudi nyumbani amenuna, akajilaza, akageuza uso wake na kukataa chakula. Hapo ndipo Yezebeli alipoandika barua kwa jina la mumewe, akazitia muhuri wake, na kuwaagiza wazee wa mji watangaze mfungo, wamweke Nabothi mbele ya watu na kuwaleta mashahidi wawili wa uongo. Nabothi alipigwa mawe hadi akafa.

Andiko halisemi popote kwamba Ahabu aliambiwa mpango huo kabla haujatekelezwa. Aliambiwa tu kwamba Nabothi amekufa, naye akainuka kwenda kulimiliki shamba. Hata hivyo, nabii Eliya alipomkuta huko, shtaka alilopewa amsomee lilikuwa kwamba ameua na kisha ametwaa. Je, Biblia inafundisha kwamba kiongozi anawajibika hata kwa jambo asilolijua? Naomba tujibizane kwa maandiko.

#2 Karani wa Masjala

Jibu langu ni fupi: muhuri. Katika nchi zile barua ilikunjwa, ikafungwa kwa uzi, kisha donge la udongo likabandikwa juu ya fundo na kugongwa muhuri, na aliyepokea hakuwa na haja ya kuuliza mkono wa nani ulishika kalamu. Mihuri ya namna hiyo imechimbuliwa mingi. Maarufu kuliko yote ni ule wa Shema, mtumishi wa Yeroboamu, uliopatikana Megido mwaka 1904. Wazee wa Yezreeli walipoona muhuri wa Ahabu, walikuwa wamepokea amri ya Ahabu.

Nimefanya kazi ofisi ambayo mkuu wake aliacha muhuri kwa mtu aliyemwamini ili yeye asisumbuliwe na makaratasi. Barua moja ilipoleta balaa, alijitetea kwamba hakuiona. Wakaguzi walimuuliza swali moja tu: muhuri ulikuwa wa nani?

#3 Mama Tulizo

Karani amesema kweli, ila mimi naona kosa la Ahabu lilianza kabla ya muhuri kuguswa. Linganisheni mstari wa 3 na mstari wa 6. Nabothi alimpa mfalme sababu, nayo ilikuwa ya kidini: Bwana amwepushe na kuutoa urithi wa baba zake. Ahabu alipokuwa akimsimulia mkewe, sababu hiyo hakuitaja kabisa. Alisema tu kwamba mtu yule amekataa kumpa shamba. Binti wa mfalme wa Wasidoni akasikia habari ya raia mkaidi anayemdharau mfalme, wala si habari ya Mwisraeli anayeshika sheria ya Mungu wake. Aliyeficha maneno hayo alijua kwa nini anayaficha.

Tena, mtu anapoletewa taarifa kwamba jirani aliyemnyima shamba jana amekufa leo, akasimama na kwenda kulichukua bila kuuliza alikufaje, huyo hajui kwa sababu hataki kujua.

Na ninawaomba akina baba wenye mazoea ya kumsukumia Yezebeli kila kitu wasome hadi mstari wa 23. Yeye naye alihukumiwa, na hukumu yake ilikuwa kuliwa na mbwa. Hakuna aliyeachwa.

#4 Kijana wa Bondeni

Labda nitapigwa mawe mimi pia, lakini niruhusuni nimtetee mfalme kidogo. Ahadi ya Ahabu ilikuwa nzuri kuliko fidia nyingi tunazoziona: shamba bora kwa shamba, au bei kamili. Kununua ardhi hakukuwa dhambi katika Israeli. Omri, baba yake Ahabu, alikinunua kilima cha Samaria kwa Shemeri kwa talanta mbili za fedha (1 Wafalme 16:24), na Daudi alinunua uwanja wa kupuria wa Arauna pamoja na ng'ombe kwa shekeli hamsini (2 Samweli 24:24). Kwa nini basi ombi la Ahabu lihesabiwe kuwa ni uonevu tangu mwanzo? Kosa ni mauaji, na mauaji yana mwenyewe.

#5 Mzee wa Msalaba

Kijana, hutapigwa mawe, ila utasomeshwa.

Mambo ya Walawi 25:23 inasema nchi isiuzwe kabisa, kwa kuwa ni ya Mungu na watu ni wageni na wapitaji kwake. Hesabu 36:7 inakataza urithi wa Waisraeli kuhama kutoka kabila hadi kabila, na kumtaka kila mmoja ashikamane na urithi wa kabila la baba zake. Aliyebanwa na umaskini aliruhusiwa kuuza, lakini mazao tu hadi mwaka wa yubile, yaani mwaka wa hamsini, kisha ardhi irudi. Nabothi hakuwa maskini wala hakuwa na deni linalotajwa, na mfalme akishazungusha ukuta wa jumba juu ya shamba, ni nani angemdai siku ya yubile? Mifano yako miwili ni mizuri, ila Arauna alikuwa Myebusi, ambaye sheria ya urithi wa makabila haikumhusu, na yeye mwenyewe alitaka kutoa bure. Shemeri naye aliuza. Hatusomi kwamba alikataa.

Jambo la pili ni hili, na hapa ndipo ninapotofautiana na Karani. Si suala la muhuri peke yake. Kumbukumbu la Torati 17:14-20 inamwagiza mfalme asijiongezee farasi, wake, wala fedha na dhahabu, na ajiandikie nakala ya torati aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Mfalme wa Israeli alikuwa ndugu aliyewekwa juu ya ndugu chini ya sheria ileile, hali wafalme wa jirani waliihesabu nchi yote kuwa mali yao. Samweli alikuwa ameonya mapema kwamba mfalme atatwaa mashamba yao, na mizabibu yao iliyo mizuri (1 Samweli 8:14). Ezekieli alikuja kuandika miaka mingi baadaye kwamba mkuu asitwae urithi wa watu kwa kuwaonea, bali wanawe awarithishe mali yake mwenyewe (46:18). Kwa hiyo shtaka la Eliya lilihusu uongozi wenyewe: Ahabu alikuwa mlinzi wa urithi wa Nabothi, na aliyepewa ulinzi akiamka na kukuta kilichoibwa kipo nyumbani kwake, hawezi kusema hakuona mwizi akipita.

#6 Nyundo ya Useremala

Mzee wa Msalaba akianza kuandika, mtu anaweza kupika maharage yakaiva.

Mimi ninachoshangaa ni mfalme kukataa kula kwa sababu ya bustani ya mchicha. Huyu ndiye Ahabu ambaye maandishi ya Shalmanesa wa Tatu, mfalme wa Ashuru, yanamtaja katika vita vya Karkari mwaka 853 kabla ya Kristo akiwa na magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Ana jeshi la kumsimamisha Mwashuru, lakini anazuiliwa na mkulima mmoja hadi anageukia ukuta kama mtoto aliyenyimwa andazi.

#7 Wakili wa Kijijini

Nyundo amecheka, lakini amegusa penyewe. Mfalme mwenye magari yote hayo hakutuma askari kulichukua shamba. Alizuiliwa na nini? Alizuiliwa na sheria, ambayo hata yeye aliitambua, na ndiyo maana alinuna badala ya kuamuru. Yezebeli hakuivunja sheria hiyo hadharani, aliitumia. Mashahidi walikuwa wawili, kama inavyotakiwa katika Kumbukumbu la Torati 17:6. Shtaka la kumtukana Mungu na mfalme lilitungwa juu ya Kutoka 22:28, inayokataza kumlaani mkuu wa watu. Baraza la wazee lilikaa, umma ulikuwepo, na hukumu ikatekelezwa nje ya mji kama ilivyopasa. Ukisoma mwenendo wa kesi hiyo bila kuzijua barua, hutaona kasoro.

Kilichokosekana kipo katika Kumbukumbu la Torati 19:18, yaani waamuzi watafute kwa bidii, na shahidi akionekana ni wa uongo, atendewe kama alivyokusudia kumtendea mwenzake. Wazee hawakutafuta chochote kwa sababu walikuwa wameshaandikiwa jibu.

Swali lingine ni hili: shamba lilifikaje mikononi mwa mfalme, wakati hatuna sheria iliyoandikwa katika torati kwamba mali ya aliyeuawa kwa kosa hilo ni ya mfalme? Wengine huonyesha 2 Samweli 16:4, Daudi alipompa Siba mali yote ya Mefiboshethi baada ya kuambiwa kwamba Mefiboshethi ameasi, na hiyo inaashiria kwamba wafalme walikuwa na desturi hiyo. Lakini 2 Wafalme 9:26 inataja damu ya Nabothi na damu ya wanawe. Ikiwa wana nao waliuawa, hapakubaki mrithi wa kudai. Sura ya 21 haikutuambia hilo. Tunalisikia miaka mingi baadaye kwa Yehu, jemadari aliyempindua Yoramu mwana wa Ahabu.

#8 Mdau wa Kwaya

Asanteni. Hilo la wana wa Nabothi sikulisikia hata siku moja kanisani. Wakili, je, kwa sheria za leo Ahabu angeponea hapo kwenye kutojua?

#9 Wakili wa Kijijini

Katika kesi ya jinai, wakili mzuri angemhangaisha sana mwendesha mashtaka, kwa sababu kifungo cha mauaji kinahitaji kuthibitisha nia. Katika maadili ya uongozi ni jambo jingine. Hapa Tanzania, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 13 ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake, na tamko hilo linajumuisha mali ya mume au mke wake na ya watoto wake wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Watunga sheria walijua kwamba shamba la Nabothi huandikwa mara nyingi kwa jina la mwingine wa nyumba hiyohiyo.

#10 Karani wa Masjala

Na kabla ya mwaka 1995 palikuwa na Samweli. Katika 1 Samweli 12 alisimama mbele ya watu wote, mzee mwenye mvi, akawauliza ametwaa ng'ombe wa nani, ametwaa punda wa nani, amemdhulumu nani, na kwa mkono wa nani amepokea rushwa, akaahidi kurudisha. Sijui mwingine katika vitabu vile aliyejipeleka kukaguliwa bila kuitwa.

#11 Mama Tulizo

Karani, usimpake mafuta mengi. Sura ya 8 ya kitabu hichohicho inasema wana wa Samweli, Yoeli na Abiya, waliokuwa waamuzi Beer-sheba, walipokea rushwa na kupotosha hukumu. Katika hotuba ile anawataja kwa maneno machache tu, kwamba wanawe wako pamoja nao, kisha anaendelea kujihesabia haki yeye mwenyewe. Ikiwa kipimo ni nyumba nzima, naye ana swali la kujibu.

#12 Mkaa Kampala

Nasoma tangu asubuhi. Mnazungumza habari za Ahabu, nami namfikiria Eliya. Nabii alikwenda peke yake kwa mtu mwenye jeshi. Huku kwetu maaskofu walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji na uonevu, na katika Februari 1977 hiyohiyo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Wanaopenda kunukuu Warumi 13, inayotaka watu watii wenye mamlaka, dhidi ya kila anayemwonya mtawala wangekumbuka kwamba Kutoka 22:28, aliyoitaja Wakili, ni andiko zuri kabisa, na ndilo lililotumika kumuua Nabothi.

#13 Kijana wa Bondeni

Paulo mwenyewe alilinukuu andiko hilo katika Matendo 23:5 alipoambiwa kwamba aliyemtukana ni kuhani mkuu. Kwa hiyo heshima kwa wakuu haikufutwa. Nakubali mmenizidi kuhusu yubile, lakini narudi kwenye adhabu. Ahabu alijinyenyekeza, akavaa magunia, na Mungu akasema mabaya hayatakuja siku zake bali siku za mwanawe. Je, hiyo ni haki? Kumbukumbu la Torati 24:16 inasema wana wasiuawe kwa ajili ya baba zao, na Amazia wa Yuda aliifuata alipowaacha hai wana wa wauaji wa baba yake (2 Wafalme 14:6). Ahabu anauawa vitani kama askari yeyote, mbwa wakilamba damu yake palepale Yezreeli, kisha Yoramu analipa deni la shamba ambalo hakulitaka.

#14 Mdadisi

Masahihisho: mbwa hawakulamba damu ya Ahabu Yezreeli. Kwa mujibu wa 1 Wafalme 22:38, gari lake lilioshwa penye birika la Samaria, na huko ndiko mbwa walikolamba. Eliya alikuwa amesema mahali palepale walipolamba damu ya Nabothi. Wafasiri wamehangaika na jambo hili kwa karne nyingi. Wapo wanaosema maneno ya Eliya yalihusu namna ya kifo, si kipande cha ardhi. Wapo wanaosema sehemu ya mahali ilihamia kwa Yoramu pamoja na adhabu, kwa kuwa ndiye aliyetupwa katika shamba la Nabothi. Na wapo wanaoona simulizi mbili zilizounganishwa bila kulainishwa. Kila jibu lina mahali linapobana.

#15 Mzee wa Msalaba

Kuhusu toba ya Ahabu, sura inayofuata inatoa ushahidi. Manabii wapatao mia nne walimwambia apande kupigana Ramoth-Gileadi, atashinda. Mikaya mwana wa Imla peke yake alisema ukweli, na Ahabu akaamuru atiwe gerezani na kulishwa chakula cha shida na maji ya shida hadi yeye atakaporudi kwa amani. Hakurudi. Mtu aliyevaa magunia kwa neno la nabii mmoja alimfunga nabii mwingine, tena shamba hatusomi kwamba alilirudisha kwa jamaa yoyote ya Nabothi. Zakayo alipotubu alitaja kiasi, mara nne (Luka 19:8). Ndiyo maana naona adhabu ile iliahirishwa tu, na Yoramu aliikuta kwa sababu naye aliendelea kulikalia shamba. Mwana akishika mali ya damu akijua, hahukumiwi kwa dhambi ya baba pekee.

#16 Kijana wa Bondeni

"Akijua" umeiongeza wewe, Mzee. Andiko halisemi Yoramu alijua. Tumerudi kwenye swali la mwenye uzi.

#17 Mama Tulizo

Kabla hamjaendelea na wafalme, nani atawasemea wazee wa Yezreeli? Wao walijua kila kitu. Walimjua Nabothi, walikaa naye katika mji mmoja, na barua iliwaeleza waziwazi kwamba mashahidi wawe watu waovu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Ukoo wetu uliwahi kupoteza kipande cha shamba kwa muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika. Sahihi zilikuwepo, za watu waliokula ubwabwa kwenye msiba wa babu. Tulipowafuata mmoja mmoja, kila mmoja alisema karatasi ililetwa imeshaandikwa, wenzake wameshatia sahihi, na yeye hakutaka kuonekana anapingana na wakubwa. Aliyelichukua shamba hatukuwahi kumwona uso kwa uso, lakini bila sahihi zile asingelipata. Kwa hiyo ninaposikia "kiongozi awajibike", nauliza ni kiongozi wa ngazi gani. Eliya hakutumwa kwa wazee, na jambo hilo linanisumbua kuliko mbwa wa Samaria.

#18 Wakili wa Kijijini

Pole sana, mama. Soma 2 Wafalme 10. Yehu alipomaliza kumuua Yoramu, aliandika nyaraka kwenda Samaria kwa wakuu wa Yezreeli na wazee na walezi wa wana sabini wa Ahabu, na katika waraka wa pili akawataka walete vichwa vya wana hao. Waliwachinja wote sabini, wakatia vichwa katika makapu na kumpelekea Yezreeli. Wazee wale, au waliorithi viti vyao, waliletewa tena barua ya mwenye nguvu nao wakaitii vilevile. Na mstari wa 11 unasema Yehu aliwaua wote waliosalia wa nyumba ya Ahabu katika Yezreeli, na wakuu wake wote, rafiki zake na makuhani wake. Sidhani kwamba wazee waliponea.

#19 Mdadisi

Hapo ndipo ninapoanza kumshuku msimulizi. Ni nani aliyefaidika kwa habari ya Nabothi kusimuliwa kwa upana huu? Yehu na nyumba yake. Mapinduzi yanahitaji dhuluma ya kuyahalalisha, na Yehu ndiye anayemkumbusha Bidkari, akida wake, neno walilolisikia walipokuwa wakipanda farasi nyuma ya Ahabu, kisha anaamuru maiti itupwe shambani. Sisemi kwamba Nabothi hakuuawa. Nasema kwamba damu ya mkulima inaweza kuwa ya kweli na bado ikatumiwa na mtu mwenye upanga kwa shughuli zake.

#20 Mzee wa Msalaba

Lakini 2 Wafalme 10:30 inasema Bwana alimwambia Yehu ametenda vema, na akamwahidi kiti hadi kizazi cha nne. Utaufanyia nini mstari huo?

#21 Mdadisi

Nitauweka kando ya Hosea 1:4, ambapo Bwana anasema atapatiliza damu ya Yezreeli juu ya nyumba ya Yehu. Mji ni uleule, na aliyemhesabia Ahabu damu ya mtu mmoja sasa anahesabiwa damu ya wengi. Mzee, mistari yote miwili ni yako na ni yangu.

#22 Mzee wa Msalaba

Hosea analaumu kupita kiasi, halaumu agizo. Yehu aliwaua hata ndugu za Ahazia wa Yuda, watu arobaini na wawili, ambao hakuagizwa kuwagusa.

#23 Mama Tulizo

Agizo lilihusu nyumba ya Ahabu, Mzee, na Ahazia alizaliwa na Athalia wa nyumba hiyohiyo. Mpaka wa agizo unaupima wapi?